Meli inaondoka Barcelona Jumapili jioni: tuondoke Mtwara siku gani?

Barua ya msomaji

Mshauri wa safu hii, salaam kutoka Mtwara.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Shangani, na mume wangu ni mkulima wa korosho mwenye mashamba upande wa Nanyamba. Binti yetu na mumewe, ambao wanaishi Rotterdam, wametuandalia zawadi ambayo hatukuitarajia, nayo ni safari ya wiki moja ya meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania, sisi wanne pamoja. Meli itaondoka Barcelona, Hispania, Jumapili ya kwanza ya mwezi Mei saa 12 jioni. Itapita Marseille, Genoa, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya kwendea Roma, Palermo na Tunis, kisha itaturudisha Barcelona Jumapili inayofuata asubuhi. Vyumba vya melini wamekwisha kuvilipia wao. Nauli ya ndege na malazi ya njiani ni juu yetu, na tumelipokea jambo hilo kwa moyo mmoja, kwa kuwa malipo ya korosho za msimu huu yameanza kuingia.

Tatizo ni kwamba nyumbani hatukubaliani. Mume wangu anaona kufika Barcelona Jumapili asubuhi kunatosha kabisa, kwa maelezo kwamba meli ina kitanda na chakula, kwa hiyo kulala hotelini Ulaya ni kulipa mara mbili kwa usingizi mmoja. Anapendekeza tutoke Mtwara kwa basi siku ya Ijumaa, tufike Dar es Salaam usiku, tulale kwa ndugu, na Jumamosi tupande ndege. Mpwa wake aliyeko Kariakoo ametutafutia tiketi mbili za bei nafuu: ya kwanza ni ya Dar hadi Istanbul, inayotua uwanja ulioandikwa IST, na ya pili, ya kampuni nyingine, inaruka kutoka SAW kwenda Barcelona baada ya mapumziko ya saa 4. Tungefika Barcelona Jumapili saa 5 asubuhi. Anatuhimiza tulipe upesi kabla bei haijapanda.

Mimi moyo wangu unasita. Mwanzoni mwa Mei mvua za masika zinakuwa bado zinanyesha, na sote huku tunakumbuka jinsi barabara ya Dar ilivyokatika. Zaidi ya hayo, mume wangu bado hana pasi ya kusafiria, mimi ninayo, na viza hatujaomba. Je, ni sahihi kununua tiketi sasa? Tufike siku ngapi kabla ya meli kuondoka? Na hoteli tuitafute karibu na uwanja wa ndege, karibu na bandari, au mjini?

Mama wa Shangani, Mtwara

Jibu

Mwalimu, shikamoo, na heshima zangu zimfikie Mzee.

Nianze na tiketi alizozitafuta mpwa wenu, kwa sababu hizo ndizo zinazotaka uamuzi wa haraka, na uamuzi wenyewe ni kwamba msizinunue. IST na SAW ni alama za viwanja viwili tofauti vya mji mmoja. IST ni Uwanja wa Istanbul, ulioko upande wa Ulaya wa mji huo, ilhali SAW ni uwanja wa Sabiha Gökçen, ulioko upande wa Asia, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Bosporus. Katika hizo saa 4 mnazoziita mapumziko mngetakiwa kupita uhamiaji wa Uturuki, jambo ambalo kwa mwenye pasi ya Tanzania linahitaji viza ya nchi hiyo, kuchukua mizigo yenu, kuvuka mji wenye foleni za magari zinazojulikana dunia nzima, kisha kuanza upya kujiandikisha kwenye kampuni ya pili kabla dirisha lake halijafungwa. Simlaumu kijana, kwani mtandao ukimwonyesha mtu jina Istanbul mara mbili, ni rahisi kudhani kwamba ni mlango mmoja.

Hata kama viwanja vingekuwa kimoja, tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali zina udhaifu mwingine ambao watu wengi huugundua wakiwa wamekwama. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina wajibu wowote kwenu, kwa kuwa katika vitabu vyake ninyi ni abiria ambao hawakutokea, na tiketi yenu inaishia hapo. Mkinunua safari nzima ya Dar es Salaam hadi Barcelona kama tiketi moja, yenye namba moja ya uhifadhi, ndege ya kwanza ikiwakosesha ya pili ni kazi ya kampuni kuwatafutia nafasi nyingine bila kuwadai nauli mpya, na mizigo yenu huandikiwa Barcelona tangu Dar. Yapo mashirika kadhaa yanayoruka kutoka Dar na kuwafikisha huko kwa kubadilisha ndege mara moja tu, ama Doha, ama Dubai, ama Istanbul kwenye uwanja uleule, ama Amsterdam. Chagueni safari yenye nafasi ya saa 3 au zaidi kati ya ndege na ndege. Nafasi ya saa moja na nusu inaruhusiwa na kompyuta za mashirika, lakini kwa watu wa umri wenu, wasio wenyeji wa viwanja vikubwa, ni mateso ya bure.

Sasa hoja ya Mzee, ambayo haistahili kupuuzwa. Kampuni nyingi za meli hufunga usajili wa abiria kati ya saa moja na saa moja na nusu kabla ya kung'oa nanga, kwa hiyo saa yenu ya mwisho ya kweli siyo 12 jioni bali ni kama 10 na nusu. Ukitua saa 5 asubuhi, unabaki na saa tano na nusu za kupita uhamiaji, kuchukua mabegi na kufika bandarini, na siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa, muda huo unatosha na kubaki. Mzee amepiga hesabu ya siku hiyo njema. Mimi ninapiga hesabu ya siku ambayo ndege ya kutoka Dar imeahirishwa kwa hitilafu ya kiufundi hadi kesho yake. Siku hiyo mtatua Barcelona Jumatatu, meli ikiwa Marseille, na kabla hamjafika Marseille, ambako ni umbali wa takriban kilomita 500 kwa barabara, itakuwa njiani kuelekea Genoa. Nahodha wa kivuko cha Msanga Mkuu akimwona mtu anakimbia na kikapu anaweza kumsubiri. Meli ya kitalii yenye maelfu ya abiria na ratiba ya magati iliyolipiwa haisubiri mtu aliyejinunulia nauli yake mwenyewe. Abiria asiyefika huhesabiwa kuwa amejitoa, chumba chake hakirudishiwi fedha, na gharama za kuikimbiza meli hadi bandari inayofuata ni zake, tena kwa idhini ya kampuni yenyewe. Linganisheni thamani ya vyumba alivyolipia binti yenu na bei ya siku mbili za hoteli, nanyi mtaona ni upande upi wenye hasara ya kweli.

Ushauri wangu, kwa hiyo, ni mfike Barcelona Ijumaa, mlale huko Ijumaa na Jumamosi. Usiku mmoja ungetosha kwa mtu anayetoka Rotterdam, kwa sababu ndege zake ni nyingi kwa siku na akikosa moja atapanda nyingine. Ninyi mnatoka mbali kwa hatua tatu, na kila hatua inaweza kuchelewa kwa sababu yake. Siku ya pili ina faida nyingine ambayo husahaulika, nayo ni mizigo. Begi lililobaki njiani kwa kawaida hufika siku moja au mbili baadaye. Likiwakuta hotelini, hakuna kilichoharibika, lakini likifika baada ya meli kuondoka, litakuwa linawafuata bandari kwa bandari huku Mzee akila chakula cha jioni kwa shati alilotoka nalo Dar.

Kuna faida ya tatu, na hii inahusu viza yenu moja kwa moja. Nchi mnazopitia, ukiacha Tunisia, zote zimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ambayo huombwa katika ubalozi wa nchi mtakayokaa muda mrefu zaidi. Tazama ratiba yenu: Genoa, Civitavecchia na Palermo zote ni Italia, yaani siku tatu, ilhali mkitua Barcelona Jumapili na kurudi Jumapili nyingine, Hispania inapata siku mbili tu, na ubalozi wake unaweza kuwauliza kwa nini hamkwenda kwa Waitaliano. Mkifika Ijumaa, Hispania inakuwa na siku nne, na mahali pa kuomba panaeleweka bila mjadala. Nchi zote mbili zina balozi zake Dar es Salaam. Andikeni kwanza kuuliza, mkiambatanisha ratiba kamili ya meli, ndipo mchukue miadi.

Suala la Tunis nalo lisiwapite. Meli ikitia nanga huko mtakuwa mmetoka nje ya Schengen, na kurudi Barcelona ni kuingia mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja haitawafaa, kwa hiyo ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja, na mwandike sababu hiyo waziwazi kwenye fomu. Kwa upande wa Tunisia yenyewe, mwombe binti yako aiandikie kampuni ya meli kuuliza masharti ya abiria mwenye pasi ya Tanzania, na jibu lije kwa maandishi, kwa kuwa jibu la simuni halina wa kulishuhudia siku ya kupanda meli.

Je, mnunue tiketi sasa? Hapana, na sababu ni pasi ya Mzee. Tiketi hukatwa kwa jina lililo kwenye pasi, herufi kwa herufi, nasi wa kusini tuna desturi ya kuwa na jina moja shuleni, jingine kwenye akaunti ya chama cha msingi, na jingine kwenye kitambulisho cha NIDA. Aanze Uhamiaji hapo hapo Mtwara mwezi huu, na kama majina kwenye nyaraka zake hayafanani, ayarekebishe kabla pasi haijatoka. Hata pasi yako uifungue uitazame, kwa maana inatakiwa iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku mtakayotoka Schengen, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita.

Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kisheria uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini ubalozi unaweza kuongeza hadi siku 45, na miadi yenyewe inaweza kuwa mbali. Kwa safari ya Mei, ningependa fomu zenu ziwe mezani mwezi Januari, wakati taarifa za benki zitakuwa zimekwisha kuonyesha pensheni yako ya PSSSF na malipo ya korosho ya Mzee, ambayo kwa bahati nzuri hupitia benki. Ada ni euro 90 kwa kila mtu mzima, na hairudishwi hata mkinyimwa. Kila mmoja wenu atatakiwa kufika mwenyewe kutoa alama za vidole, kwa hiyo ingizeni katika bajeti safari ya Dar ya kushughulikia viza, mbali na ile ya kuondokea.

Ubalozi hutaka kuona uhifadhi wa ndege na wa hoteli, na hapo ndipo wengi hutishika wakanunua tiketi kamili isiyorudishwa fedha. Uhifadhi siyo lazima uwe malipo. Wakala wa tiketi anayetambulika anaweza kuwashikia nafasi na kuwapa karatasi yake, na hoteli nyingi huruhusu kuhifadhi chumba na kukighairi bila gharama hadi siku chache kabla ya kufika. Chukueni chumba cha namna hiyo hata kama bei yake imezidi kidogo ile ya chumba kisichoghairika. Viza ikitoka Februari, mtalipia tiketi ya ndege mkiwa bado na miezi miwili mkononi, na ongezeko la bei analoliogopa mpwa wenu, hata likitokea, ni dogo kuliko kupoteza nauli mbili nzima.

Sasa turudi nyumbani, maana kipande cha Mtwara hadi Dar es Salaam ndicho kifupi kuliko vyote na ndicho ninachokiogopa zaidi. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara eneo la Somanga wilayani Kilwa, na aliyetaka kufika Dar kwa gari alilazimika kuzungukia Masasi, Tunduru na Songea. Safari yenu inaangukia majira yaleyale. Pandeni ndege, na msipande siku ileile ya safari ya Ulaya. Ndege za Mtwara kwa siku ni chache, na ikiahirishwa moja, nyingine inaweza kuwa kesho yake. Tokeni Mtwara Jumatano, mlale Dar usiku huo, na Alhamisi iwe siku ya akiba ambayo mnaweza kuitumia kupumzika. Kwa kuondoka Jumatano, hata ndege ikifutwa na barabara ikiwa nzima, bado basi la Alhamisi alfajiri linaweza kuwaokoa, mradi ndege yenu ya kimataifa iwe ya usiku.

Kuhusu usiku huo, tafadhali soma tarehe kwa makini. Ndege nyingi za kwenda nje huondoka Dar usiku wa manane au alfajiri, na tiketi huandika saa kwa mtindo wa 24. Tiketi iliyoandikwa Ijumaa 03:30 ina maana saa 9 na nusu za usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani mnakwenda uwanjani Alhamisi jioni baada ya chakula. Wapo watu waliofika uwanjani Ijumaa usiku wakiwa wamevaa vizuri na kuongozana na wapwa wa kuwaaga, na ndege ilikwisha kwenda tangu alfajiri. Ndege yenu ya Mtwara itawashusha Jengo la Pili, na ya kimataifa itaondokea Jengo la Tatu, umbali mfupi kwa teksi. Ndugu wa kulala kwake awe wa upande wa Kipawa au Ukonga. Wa Mbezi Beach mtamsalimia mkirudi.

Katika Barcelona, hoteli ya karibu na uwanja wa ndege haina faida kwenu, kwa sababu itawabidi kuvuka mji Jumapili. Tafuteni chumba mjini upande wa chini, kati ya Plaça de Catalunya na bandari, au mtaa wa Paral·lel, ambako asubuhi ya Jumapili teksi itawafikisha gatini kwa muda mfupi. Meli kubwa nyingi hutia nanga gati la Moll Adossat, lenye majengo kadhaa ya abiria yanayotajwa kwa herufi, na herufi yenu itaandikwa kwenye hati ya kupandia. Kwenye ramani gati hilo linaonekana kama la kutembea kwa miguu kutoka sanamu ya Columbus, lakini kwa mtu mwenye begi ni mbali. Zingatieni pia kwamba hoteli za mji huo hutoza kodi ya utalii kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi nje ya bei mliyoiona mtandaoni, na kwamba wezi wa mifukoni wa mtaa wa La Rambla na wa treni za chini ya ardhi wana sifa mbaya inayostahili. Pasi na fedha zikae ndani ya nguo.

Gatini wapagazi watachukua mabegi makubwa na mtayakuta mlangoni mwa chumba baadaye, pengine jioni. Dawa za kila siku, miwani, pasi na nguo moja ya kubadilisha zibaki kwenye begi la mkononi, na ndivyo ilivyo pia ndani ya ndege.

Bima itakayokubaliwa na ubalozi ni ya matibabu isiyopungua euro 30,000, lakini bima ya kiwango hicho peke yake hailipi chochote mkikosa meli. Mwulizeni wakala kama kuna kipengele cha kukosa kuanza safari kwa sababu ya ndege kuchelewa, na msome sharti lake, kwa kuwa kampuni nyingi hukataa kumlipa mtu ambaye hakujiachia muda wa kutosha. Mpango wa kufika Jumapili saa 5 ungewapa sababu ya kukataa.

Kwa kurudi, maelezo ni mafupi. Meli ikifika Barcelona asubuhi, kushuka kwa abiria wote huchukua saa kadhaa, kwa hiyo msikubali ndege inayoruka kabla ya saa 8 mchana. Hoteli ya pili Barcelona si ya lazima, kwa sababu wakati huo hakuna meli ya kukosa. Dar pia laleni usiku mmoja kabla ya kupanda ndege ya Mtwara, na tiketi hiyo ya mwisho muinunue ya aina inayoruhusu kubadilishwa tarehe.